Mchagua Tairi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wazee wetu tuwaheshimu, lakini waliotuachia methali hii hawakuwahi kukaa juu ya pikipiki ya mashindano siku ambayo upepo wa bahari unapuliza, wingu limefunika jua na lami imepoa. Huko mambo ni kinyume. Mchagua tairi ndiye mkulima mwenyewe. Asiyechagua, au anayechagua vibaya, anavuna changarawe za pembeni ya uwanja, na siku nyingine anavuna mifupa iliyovunjika.

Ndugu msomaji, najua unajiuliza: hivi huyu kijana kaishiwa habari? Jarida la fasihi linaingiaje kwenye matairi? Subiri kidogo. Wengi wetu tulifundishwa historia kama orodha ya mikataba na wafalme, tukaikariri kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne na tukaisahau siku ile ile tuliyoweka kalamu chini. Mimi naamini historia imelala ndani ya vitu vya kawaida tunavyovipita kila siku. Tairi ni kimojawapo. Ukilifuatilia vizuri utakutana na baridi ya Amerika, misitu ya Kongo, mguu wa Mwitaliano na machozi ya Mhispania. Na swali moja litakufuata njia nzima: nani anachagua, na nani analipa?

MPIRA HAUPENDI BARIDI

Tuanze na tabia ya mpira wenyewe. Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Mchana wa joto mafuta yanatiririka. Asubuhi ya mwezi wa saba, hasa ukiwa mbali kidogo na pwani, utayakuta yameganda chupani, meupe, hayamwagiki hata ukipindua chupa. Mafuta ni yale yale, ila hali imebadilika. Mpira nao una ugonjwa wa namna hiyo. Ukipata joto unalainika, ukipata baridi unakuwa mgumu.

Wamarekani waliligundua hili kwa hasara. Katika miaka ya 1830 kulizuka homa ya biashara ya vitu vya mpira: viatu, makoti, mifuko. Watu wakanunua kwa fujo. Kilipofika kiangazi, viatu vikayeyuka vikawa uji unaonuka. Yalipofika majira ya baridi, vikakakamaa kama mbao na kupasuka. Makampuni yakafunga milango.

Hapo ndipo alipojitokeza Charles Goodyear, mtu ambaye ningependa siku moja kumwandikia riwaya nzima. Hakuwa mkemia wa kusomea. Alikuwa mdaiwa sugu, akiingia na kutoka jela kwa madeni, huku akipika mpira jikoni kwa mkewe akichanganya hiki na kile. Mwaka 1839, katika mji wa Woburn jimboni Massachusetts, mpira uliochanganywa na salfa ulikutana na jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, ukakauka ukawa kama ngozi, lakini bado unanyumbuka. Akapata hataza yake mwaka 1844. Kuanzia hapo mpira uliweza kuvumilia kiangazi na baridi bila kufa. Goodyear mwenyewe alifariki mwaka 1860 akiwa bado amezama kwenye madeni. Ile kampuni kubwa ya matairi yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898, miaka 38 baada ya kifo chake, na watu ambao hawakuwa hata ndugu zake. Walichukua jina tu.

Zingatia neno nililotumia: kuvumilia. Goodyear aliufanya mpira uvumilie baridi, hakuufanya uipende. Ugomvi huo haujaisha mpaka leo, na ndio unaowakosesha usingizi mafundi wa mbio za pikipiki.

JINA MOJA, MAMBO MENGI

Mwaka 1888, mganga wa mifugo mzaliwa wa Scotland aitwaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Baadaye ikaonekana kwamba Mscotland mwingine, Robert William Thomson, alishasajili wazo hilo hilo mwaka 1845, kabla dunia haijawa na baiskeli za kulitumia. Ndivyo ilivyo. Mwenye kuwahi sana naye hukosa soko.

Baada ya Dunlop, dunia ikapata kiu ya mpira. Na mpira ulikuwa wapi? Sehemu kubwa ulikuwa misituni. Sisi Waswahili tuna neno moja tu: mpira. Mpira ni huu wa kuchezea, mpira ni bomba la kumwagilia bustani, na hapo zamani mpira ulikuwa pia ule mmea utambaao juu ya miti, unaokatwa ukatoa utomvu mweupe. Utomvu huo ulisafirishwa kutoka bara la Kilwa na Lindi kwenda kuuzwa pwani tangu karne ya 19. Mjerumani alipotawala akaanzisha mashamba ya mpira upande wa Tanga na Morogoro, na mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu mashamba mapya ya Asia yalikuwa yanatoa mpira mwingi na wa bei rahisi.

Lakini msiba mkubwa ulikuwa Kongo. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908 nchi ile ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Wanaume wakipungukiwa, wake zao walishikwa mateka. Watu waliuawa na kukatwa mikono. Mwaka 1904 ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ilichapishwa na dunia ikaona aibu, au angalau ikajifanya kuona. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme koloni lake.

Nimeleta habari hii makusudi. Ukisoma historia za mbio zilizoandikwa Ulaya, tairi linaanzia karakana ya Belfast kisha linarukia moja kwa moja kwenye vikombe na shampeni. Linapita juu ya Kongo bila hata kupunguza mwendo. Mwaka 1907, mbio za kwanza za pikipiki za kisiwa cha Man zilipofanyika, Kongo ilikuwa bado mikononi mwa Leopold. Walioshangilia siku ile walichagua pikipiki, walichagua mshindi wa kumshangilia. Waliolipa hawakuchagua kitu.

KIPARA CHA MAKUSUDI

Turudi uwanjani. Huku kwetu tairi likiisha tunasema limekuwa kipara, na trafiki akikukamata nalo una kesi. Ajabu ni kwamba tairi la mashindano la siku ya jua huzaliwa likiwa kipara. Halina michirizi hata mmoja. Teknolojia hii iliingia kwenye pikipiki kwa nguvu katikati ya miaka ya 1970. Sababu yake ni rahisi: michirizi ni ya kutolea maji. Kama hakuna maji, kila mchirizi ni sehemu ya mpira ambayo ingeshika lami na haishiki. Na pikipiki haina mpira wa kuchezea ovyo. Sehemu inayogusa lami kwa kila tairi haizidi sana ukubwa wa kiganja. Juu ya viganja viwili hivyo anakaa mtu, amelala na pikipiki yake kwenye kona kwa pembe ya nyuzi 60 na ushei, goti na kiwiko vinaikwaruza ardhi.

Sasa tairi linashikaje lami? Lami kwa jicho ni tambarare, lakini kwa mpira ni milima na mabonde. Mpira wenye joto la kutosha hujimimina kwenye mabonde hayo, ukang'ang'ania, kisha ukajiachia na kung'ang'ania tena mbele. Mpira wa baridi ni mgumu. Unapita juu ya vilele vya milima tu, kama mtu anayevuka mto kwa kurukaruka juu ya mawe. Akiteleza, safari imekwisha.

Joto lenyewe linatoka wapi? Halitoki kwenye jua peke yake. Kila tairi linapobonyea na kujirudisha, linajipasha lenyewe kwa ndani. Dereva akivunja breki kwa nguvu, akilala kwenye kona, akifungua mafuta, tairi linabonyea na kupata moto. Akipunguza mwendo, linapoa. Ndiyo maana kabla ya mbio utaona matairi yamefungwa blanketi za umeme kama wagonjwa wa malaria. Yanapikwa hadi joto linalokaribia la maji ya kuchemka, ili yakitoka nje yawe tayari. Lakini blanketi ni mkopo tu. Ukishaondoka, usipolifanyia tairi kazi, upepo unaudai mkopo wake.

Kwa hiyo fundi anayechagua tairi la siku ya baridi ana maswali mengi. Joto la lami ni ngapi? Hilo ndilo la muhimu, si joto la hewa, maana wingu moja likipita linaweza kuipoza lami wakati hewa iko vile vile. Upepo unatoka wapi? Mbio ni mizunguko mingapi? Uwanja una kona ngapi za kushoto na ngapi za kulia? Dereva wangu ni mzito au mwepesi, anavunja breki kwa ukali au kwa upole? Nitie upepo kiasi gani ndani ya tairi? Maana tairi lenye upepo mdogo linabonyea zaidi na kupata joto haraka, lakini likizidi kubonyea linayumba.

Kanuni ya darasani inasema: baridi, chagua mchanganyiko laini, kwa sababu unapata moto mapema. Ngumu ni ya siku ya joto. Wengi wanaishia hapo wakidhani wamehitimu. Kumbe mpira laini nao una visa vyake. Ukisuguliwa kabla haujafikia joto lake, ngozi ya juu inachanika na kujikunja vijisokoto vidogo vidogo kama vile vinavyotoka kwenye kifutio unapofuta kosa la penseli. Mara tairi limeota vipele, na juu ya vipele hakuna mshiko. Na hata kama halikuchanika, mpira laini unalika haraka. Mchagua nazi hupata koroma.

MGUU WA MUGELLO

Kuna watu wanadhani tairi baridi ni habari ya nchi zenye theluji. Wasikilize kisa cha Mugello.

Tarehe 5 Juni 2010, Italia, ni mwanzo wa kiangazi. Ni mazoezi ya Jumamosi. Valentino Rossi, bingwa wa dunia wakati huo, mfalme nyumbani kwake, alikuwa amepunguza mwendo kidogo ili mwingine apite. Muda mfupi tu. Tairi la nyuma likapoa. Alipofungua mafuta tena kwenye kona ziitwazo Biondetti, tairi likateleza, kisha likashika ghafla, na pikipiki ikamrusha juu kama fahali anavyomrusha mchezaji wa ng'ombe kule Pemba. Mguu wa kulia ukavunjika, mfupa ukatoka nje.

Tangu mwaka 1996 alipoanza mashindano ya dunia, Rossi hakuwahi kukosa mbio hata moja. Sasa akakosa nne. Mwezi Julai alirudi kwenye uwanja wa Sachsenring, Ujerumani, akachechemea hadi kwenye pikipiki na kumaliza wa nne. Ubingwa wa mwaka huo ulikwisha mponyoka.

Wakati ule matairi yote ya daraja la juu yalitoka kampuni moja, Bridgestone, iliyoshika kazi hiyo peke yake kuanzia 2009 hadi 2015. Yalikuwa matairi imara ajabu yakishapata moto, lakini yalichelewa kupata moto, na madereva kadhaa walirushwa hewani katika mizunguko ya mwanzo. Malalamiko yakazidi. Mwaka 2012 kampuni ikaleta muundo mpya unaopata joto mapema zaidi. Madereva walilipa kwa miili yao, ndipo wahandisi wakachagua upya. Tofauti na Kongo ni kwamba hawa walikuwa na sauti, na kamera zilikuwa zinawaangalia.

KISIWA CHENYE MOTO NA BARIDI

Sasa twende Australia. Kusini kabisa, kwenye jimbo la Victoria, kuna Phillip Island. Uwanja wake uko juu ya miamba inayotazama bahari, na upepo wa bahari ile unaupiga moja kwa moja. Mbio huwa mwezi wa kumi, ambao kule ni majira yanayobadilika kama kinyonga: asubuhi jua, saa sita mvua, alasiri upepo wa kukata masikio. Mzunguko mmoja ni kilomita 4.448, wenye kona saba za kushoto na tano za kulia. Kona za kushoto ni ndefu na za kasi. Upande wa kushoto wa tairi unaungua, wa kulia unatetemeka kwa baridi. Tairi moja, hali mbili za hewa!

Mwaka 2013 kisiwa kilionyesha jino la moto. Lami ilikuwa mpya, inashika sana, na matairi yakaanza kutoka malengelenge upande wa kushoto. Hofu ikawa kubwa kiasi kwamba mbio zilipunguzwa kutoka mizunguko 27 hadi 19, na kila dereva akalazimishwa kuingia katikati ya mbio kubadili pikipiki. Kijana Marc Márquez na watu wake wakakosea hesabu. Akaingia akiwa amechelewa mzunguko mmoja, akapeperushiwa bendera nyeusi na kutolewa. Jorge Lorenzo akashinda.

Mwaka uliofuata kisiwa kikaonyesha jino la barafu. Bridgestone ilileta tairi la mbele la aina mpya, ambalo kwenye mbio hizi halikuwahi kuonekana: upande mmoja wa mpira mgumu kiasi, na upande wa kulia laini zaidi kwa ajili ya zile kona chache zinazopoa. Ilikuwa tarehe 19 Oktoba 2014, alasiri. Mbio zikiendelea, joto likaanza kushuka. Márquez, ambaye alishautwaa ubingwa wiki moja kabla kule Japani, alikuwa anaongoza kwa raha zake. Mzunguko wa 18, kwenye kona ya kumi, ambayo ni ya kulia na inataka breki nzito, tairi la mbele likamkimbia. Chini! Wengine nao wakaanguka mmoja baada ya mwingine. Katika mzunguko wa mwisho kabisa, Cal Crutchlow akiwa wa pili, kikombe anakiona kwa macho, naye akaenda chini.

Nani alishinda? Rossi, yule yule wa mguu wa Mugello. Alikuwa na miaka 35, ameanzia nafasi ya nane, na zilikuwa mbio zake za 250 za daraja la juu. Siwezi kusema ushindi ule ulitokana na ule mguu, kwa sababu mimi si mganga wa kienyeji. Ninachosema ni kwamba siku ile wapo waliokuwa na kasi kumzidi, lakini yeye alifika.

Ujerumani kuna funzo linalofanana. Uwanja wa Sachsenring una kona kumi za kushoto na tatu tu za kulia. Kutoka kona ya nne hadi ya kumi dereva analala kushoto tu. Muda wote huo upande wa kulia wa tairi unapigwa na upepo. Kisha ghafla, kona ya 11, ni ya kulia, ya kasi, na inashuka mlima. Wameanguka wengi pale, hata mchana wenye jua. Márquez alishinda kwenye uwanja huo kila mwaka kuanzia 2010 hadi 2019, katika madaraja matatu tofauti. Wenzake walikuwa wanaona kona kumi za kushoto. Yeye, nadhani, kila mara aliikumbuka ile moja ya kulia.

MIZUNGUKO 26 YA FURAHA

Kisa cha mwisho ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Oktoba 2023, Phillip Island tena. Utabiri ulionya kwamba Jumapili kutakuwa na upepo mbaya, basi mbio kuu zikahamishiwa Jumamosi tarehe 21. Wakati huu matairi ni ya Michelin, waliochukua kazi mwaka 2016. Jorge Martín, Mhispania wa timu ya Pramac, alikuwa anamfukuzia bingwa Francesco Bagnaia kwenye msimamo, tofauti ikiwa pointi 18. Akaanza nafasi ya mbele kabisa. Likaja suala la tairi la nyuma: laini au la wastani?

Wakubwa wenzake wa mbele walichagua la wastani. Martín akachagua laini.

Usimcheke haraka. Mantiki ipo. Siku ya ubaridi, tairi laini linaamka mapema. Ukitoroka mwanzoni, wengine bado wanabembeleza matairi yao. Ukipata nafasi kubwa, baadaye unaweza kulitunza tairi bila mtu kukusumbua. Na ndivyo ilivyoanza. Martín aliondoka kama mshale, akafungua mwanya wa zaidi ya sekunde tatu. Katika mbio hizi sekunde tatu ni kama kutoka Kariakoo mpaka Posta. Waliokuwa wanatazama walishaanza kuhesabu pointi.

Lakini mpira una hesabu zake, na hausahau. Mizunguko ya mwisho sekunde zile zikaanza kuyeyuka. Tatu, mbili, moja. Tairi laini lilikuwa limekwisha. Mzunguko wa 27, wa mwisho, bado anaongoza. Akapitwa na Johann Zarco. Akapitwa na wengine. Mpaka bendera inapepea alikuwa wa tano, nyuma ya Zarco, Bagnaia, Di Giannantonio na Binder. Kutoka wa kwanza hadi wa tano ndani ya mzunguko mmoja! Aliongoza mizunguko mingi kuliko yeyote, lakini ule mmoja unaohesabiwa haukuwa wake.

Zarco alikuwa timu moja na Martín. Pikipiki zile zile, karakana ile ile. Bingwa mara mbili wa daraja la kati, lakini daraja la juu alikuwa ameshakimbia mara 119 bila kushinda hata siku moja. Ya 120 ikawa yake. Na upepo uliokuwa umetabiriwa ulikuja kweli: zile mbio fupi zilizohamishiwa Jumapili zilifutwa kabisa.

Bagnaia akapanua mwanya wake kutoka pointi 18 hadi 27, na mwisho wa msimu akabaki na taji. Sisemi tairi moja ndilo lililomnyima Martín ubingwa. Msimu ni mrefu na alianguka kwingine pia. Mwaka uliofuata, 2024, alitwaa ubingwa wa dunia. Hakuacha kuchagua.

SISI TUNAPATA NINI?

Wengi tunaosoma jarida hili tunataka kuwa waandishi. Tunapenda kuandika wahusika wanaoteswa na bahati: mvua ikanyesha, gari likapinduka, mjomba akafa. Mbio hizi zinanifundisha kwamba kisa chenye uzito huanza pale mhusika anapochagua mwenyewe, kwa akili yake timamu, akiwa na sababu nzuri, wakati wingu bado halijaamua liende wapi. Martín hakuwa mjinga. Ndiyo maana inauma.

Lakini historia inanifundisha jambo zito zaidi. Kuna watu wamepewa meza ya kuchagulia, na kuna watu wanaletewa bili tu. Mwanakijiji wa Kongo hakuulizwa laini au ngumu. Na leo hii mtazame kijana wa bodaboda wa Njombe au Limuru, alfajiri ya mwezi wa saba, ukungu umelala barabarani na lami ina unyevu. Hana blanketi ya umeme. Hana fundi wa kumpimia joto la lami. Tairi lake limetengenezwa kwa mpira mgumu ili lidumu kilomita nyingi, kwa sababu la laini lingeisha upesi na mfuko wake hauruhusu. Mara nyingi limeshakuwa kipara, na si cha makusudi. Nyuma amebeba abiria wawili na mzigo. Kila kona ya kulia ni kona yake ya kumi ya Phillip Island, ila hakuna kamera.

Kwake ninalo neno moja ambalo limenunuliwa kwa gharama kubwa, kuanzia jiko la Woburn hadi mguu wa Mugello: tairi linapoamka asubuhi bado limelala. Kilomita za mwanzo usilidai. Vunja breki mapema, kwa upole, kabla ya kona na si ndani yake. Usifungue mafuta ungali umelala. Abiria akikuambia umechelewa, mwambie asubiri. Na wewe abiria, akikuambia hivyo, nyamaza.